Karatasi ya wheel alignment ilisema gari iko sawa, barua ya onyo nikaandikiwa mimi dereva

Wakuu, ejok. Hiyo ni salamu ya huku kwetu Turkana, ukiitikia ejok umemaliza.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kama ukishafunga suspension mpya ni lazima ufanye wheel alignment, yaani kupima na kunyoosha matairi, au ni ujanja tu wa gereji. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, hasira ikapanda, nikaona bora nifungue uzi wangu.

Haya yalinipata mwenyewe. Chumvi sitaongeza, na mahali nilipokosea mimi nitasema pia.

Mwaka 2012 nilikuwa dereva wa shirika moja hapa Lodwar. Jina la shirika niachieni. Nilikuwa naendesha Land Cruiser hardtop, kazi ni kubeba wafanyakazi na dawa kwenda Kakuma na kurudi, siku nyingine mpaka Nakalale. Walioijua barabara ya Kakuma miaka ile hawahitaji maelezo. Lami ilibaki vipande, ukikwepa shimo unaingia laga, yaani mto mkavu, ukitoka laga unaanza mawe.

Shocks zikafa, springi zikalala. Ofisi ikanunua suspension mpya, fundi wa hapa Lodwar akafunga. Tie rod ends za usukani pia zilikuwa zimekwisha, akabadilisha.

Akaniambia wazi, "Hapa nimekisia kwa macho tu. Usikae nayo hivi, katafute alignment."

Fundi mkweli. Shida haikuanza kwake.

Transport Officer wetu, nitamwita TO, akasema gari ya ofisi inapimwa na computer, si macho ya mtu. Computer yenyewe ilikuwa Kitale. Huku tukishuka Kitale tunasema tunaenda Kenya, na msicheke, piteni hiyo njia kwanza. Nilitumia siku nzima kufika.

Gereji ilikuwa safi kuliko hospitali. Wakaniambia mteja haruhusiwi ndani, mambo ya usalama. Nikawekwa kwa wageni, TV iko, soda baridi iko. Nusu saa haijaisha, karatasi ya rangi hiyo hapo. Upande wa "kabla" nyekundu, upande wa "baada" kijani tupu. Nikaonyeshwa pa kusaini, nikasaini, nikapanda gari.

Nikirudi, kabla sijafika Lokichar usukani ulikuwa unavuta kushoto. Nikasingizia barabara.

Wiki chache baadaye matairi mapya ya mbele yameota upara kingo za ndani. Ukipitisha kiganja unasikia meno kama ya msumeno.

Nikaripoti mwenyewe. Nasisitiza, mwenyewe, hakuna aliyenifumania. TO akatoa ile karatasi kwenye faili, akaiweka mezani.

"Computer imesema gari iko sawa," akasema. "Kwa hivyo ni uendeshaji wako."

Nikamwambia bosi, hiyo gari inavuta, endesha hata wewe usikie.

"Computer haina sababu ya kudanganya. Wewe unayo."

Wakuu, hiyo sentensi inaniuma mpaka leo. Miaka yote hiyo sijawahi kugonga hata mbuzi, na Turkana mbuzi ndio wenye barabara!

Kesho yake nikapewa barua ya onyo, Kiingereza kizito, reckless driving, yaani eti naendesha ovyo. Natakiwa nisaini kwamba nimekubali. Nikarudisha kalamu mezani nikatoka.

Mjue contract yangu ilikuwa inaisha mwezi uliofuata. Barua kama hiyo ikikaa kwa faili, contract haifufuki. Na Lodwar ni ndogo, mashirika yanaulizana, huyu mlimwacha kwa nini? Nilikuwa nimepanga nyumba Nawoitorong, watoto wako shule. Dereva akishaitwa reckless huku, hata kazi ya kubeba maji hapewi.

Safari iliyofuata ya Kakuma, nikiwasubiri wafanyakazi, nikaipeleka gari kwa Hirsi. Hirsi ni mkimbizi Msomali, ana gereji ya mabati ndani ya kambi. TO alikuwa amekataza fundi wa kambi kugusa gari ya ofisi, kwa hivyo sikwenda kutengeneza. Nilikwenda tu kutafuta mtu wa kunisikiliza, kopi ya ile karatasi ya Kitale mfukoni.

Hirsi Kiingereza hasomi. Akaniambia, "Waria," ndivyo Wasomali wanavyomwita mtu, "soma hiyo karatasi, mimi nasikia."

Nikasoma. Nilipofika kwenye camber, yaani tairi kuinama kichwa ndani au nje, akanisimamisha.

"Hapo karatasi nasema nini?"

"Kushoto ilikuwa mbaya, wakarekebisha, ikawa kijani."

"Rekebisha wapi? Nionyeshe boliti."

Nikaingia chini ya gari. Nikatafuta, nikatafuta tena. Hirsi ameketi juu ya tairi kuukuu anakunywa chai yake.

"Wallahi utalala huko mpaka Ramadhani," akasema. "Hii Cruiser boliti ya hiyo kitu hakuna. Ekseli ya mbele ni chuma moja, toka tairi mpaka tairi. Labda wao kunja chuma na mikono."

Akaingia na yeye, akanionyesha kitu kimoja tu kinachorekebishwa kwa gari hiyo, ni tie rod, ile fimbo inayofanya pua za matairi zikaribiane au ziachane. Nati zake zilikuwa zimefunikwa na tope kavu la Turkana, halijapasuka hata ufa. Hilo tope ni la kabla ya Kitale, maana tangu nirudi mvua haikunyesha tena, ni vumbi tu. Spana haikuwa imegusa pale tangu gari itoke Lodwar.

Akachora chaki kwenye matairi, akapima mbele, akasukuma gari kidogo, akapima nyuma. Pua za matairi zilikuwa zimeachana vidole viwili zaidi ya visigino vyake.

Nikamwambia basi rekebisha, liwalo na liwe. Akakataa!

"Nikifungua, tope anaanguka. Hii tope ni shahidi yako. Peleka mkubwa wako aone kwanza."

Nikarudi Lodwar na gari mbovu, polepole, nikikwepa kila maji yasije yakaosha lile tope.

TO kusikia akasema, huyo fundi aje ofisini athibitishe. Sasa mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali cha safari, na nani atampa kibali cha kuja kuongea habari ya boliti? TO alijua hivyo vizuri sana.

Nikatandika katoni chini ya gari, adhuhuri, mbele ya wafanyakazi wote.

"Bosi, karatasi inasema camber imerekebishwa. Nionyeshe boliti."

Nilidhani atanifukuza hapo hapo. Akavua saa, akalala kwenye katoni na shati lake jeupe. Tulimwona anamulika na simu huku na huku. Alikaa huko muda. Alipotoka hakuniangalia, akapiga simu Kitale. Wakababaika wee, mwisho wakasema labda printer ilitoa karatasi ya gari nyingine.

Labda! Riziki ya mtu inakatwa, wao wanasema labda!

TO akaichana ile barua mbele yangu. Nikaanza kutabasamu.

Halafu akafungua faili, akatoa job card ya Kitale, ile fomu ya kazi niliyosaini kule gereji. Chini imeandikwa dereva ameshuhudia kazi yote ikifanyika. Sahihi ni yangu.

"Ulishuhudia?"

Nikasema nilikuwa nakunywa soda.

Akaandika barua nyingine, fupi, kwamba nilisaini kazi ambayo sikuiona. Akanisukumia kalamu. Wakuu, nilitafuta hasira nikaikosa. Nikasaini, maana hiyo ilikuwa kweli.

Contract nilipata, na barua hiyo ndani ya faili. Hirsi alirekebisha gari safari iliyofuata, safari hii kwa ruhusa ya TO, matairi yakatulia mwaka 2013 wote. Asante ya ofisi hajapata mpaka leo.

Kuna mjuaji atakuja kusema barabara ndiyo iliharibu. Soma tena habari ya tope.

Kwa yule mdau, ndiyo, ukifunga suspension mpya fanya alignment, iwe ya computer au ya chaki. Lakini ingia uone spana ikigusa nati. Wakikuzuia mlangoni, basi na sahihi usiwape.

Sasa semeni ukweli wenu hapa chini. Ni mara ngapi umesaini ukiwa kwa TV?