Nywele za Kwenye Kichana

Sitaki mtu aniambie habari za Anaïs. Wengi wanaomsema hawajawahi hata kukaa mbele yake wakasukwa, na mimi nimekaa. Kichwa changu kimekuwa mikononi mwa binti huyo na mama yake tangu nilipohamia Durban kufanya kazi kwenye maktaba ya chuo, na mtu ukimwachia kichwa chako mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, unamjua.

Mama yake ni Joséphine, Mrundi, mwenye saluni ya viti viwili kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo moja bovu karibu na Warwick Junction. Dirisha linatazama stendi ya taxi, kwa hiyo unasukwa huku honi zikikupigia masikioni na harufu ya mahindi ya kuchemsha ikipanda kutoka chini. Joséphine ni mfupi, mnene, mcheshi, na mkono wake unavuta nywele mpaka machozi yanakulenga. Wateja wake ni sisi tunaozungumza Kiswahili mjini hapa: Warundi, Wakongo, Watanzania, na Wakenya wachache kama mimi, tusio na subira ya kumweleza mtu kwa Kiingereza tunavyotaka kichwa chetu kiwe.

Sasa kuna desturi moja ya saluni zetu. Ukimaliza kusukwa, msusi anakusanya nywele zako zilizobaki kwenye kichana na zilizoanguka sakafuni, anazisokota, anazifunga kwenye karatasi, anakukabidhi. Unaondoka nazo. Uzichome, uzitupe chooni, shauri yako. Hakuna anayeeleza kwa nini, maana sote tunajua: nywele zako zikiingia mikono mibaya, umekwisha. Mimi ni Msabato, nimesoma, tena nafundisha wanafunzi kutafuta vitabu kwa kompyuta, lakini karatasi yangu sijawahi kuiacha pale hata siku moja. Nacheka na wenzangu, na karatasi iko mkobani.

Watu wawili tu hawakufuata desturi hiyo. Joséphine na Anaïs walikuwa wakisukana wenyewe kwa wenyewe, na nywele zao walizitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na mifuko ya rasta. Niliwahi kumchokoza Joséphine juu ya jambo hilo.

“We Mama Billy,” akaniambia, kwa sababu mwanangu wa kwanza anaitwa Billy, “huyu ametoka mu tumbo yangu. Akiniroga atarithi nini? Haya magoti yangu ya kuuma?”

Tulicheka wote watatu. Anaïs ndiye aliyecheka zaidi.

Binti huyo alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma, akaletwa Durban akiwa mgongoni. Baba yake aliishia njiani, na habari hiyo Joséphine haisimulii. Walichokikuta hapa ni kanisa la Warundi wenzao, lililokuwa likikutana kwenye ukumbi wa kukodi. Kanisa ndilo lililowapa godoro, chumba Cato Manor, hata kiti cha kwanza cha saluni. Anaïs alikulia kwenye kwaya. Wanasema akiimba peke yake watu walikuwa wanasahau kupiga makofi.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, tumbo lilimshika katikati ya ibada. Lilikuwa tumbo la mwezi, kila mwanamke analijua. Aliinama. Mama Niyonkuru, kiongozi wa maombi ya akina mama, akamvuta mbele, wenzake wakamzunguka, wakamshika kichwa, wakaanza kulikemea pepo la tumbo limtoke. Mtoto akawaambia ni siku zake tu. Nani alimsikia? Sauti yake ilizama kwenye amina. Damu ilipopita kwenye sketi yake nyeupe ya kwaya, wakapiga vigelegele kwamba pepo limetoka.

Alinisimulia hayo akiwa ananichana, kwa sauti ya mtu anayesimulia ya mwingine, akiniita Tantine, yaani shangazi, kama kawaida yake. “Wote waliona, Tantine. Baba za watu, vijana wa kwaya, wote. Wakashangilia.”

Niliposikia hivyo nilitaka kusimama na nusu ya kichwa changu, niende nikamtafute huyo Mama Niyonkuru nimpe vidonge vyake. Lakini yalikuwa ya zamani, na Anaïs aliendelea kuimba kwaya miaka mingi baada ya hapo. Hakumwambia mama yake kwamba kila alipopanda jukwaani aliishika sketi yake kwa nyuma.

Alipokua akapata kazi kwenye kiwanda cha mapazia Pinetown, na siku za mapumziko akimsaidia mama yake saluni. Kiwandani akakutana na Tiffany, mwenyeji wa hukohuko Pinetown, mwanamke wa makamo aliyevaa kidani cha nyota. Tiffany na wenzake wachache hufuata dini inayoitwa Wicca. Hukutana kwenye bustani yake mwezi unapokuwa mpevu, wanawasha mishumaa, wanashukuru kwa ardhi na maji, wanamwomba Mungu mwenye upande wa kiume na wa kike. Anaïs alikwenda mara ya kwanza kwa udadisi. Akarudi tena.

Mimi sikuielewa dini hiyo, na mpaka leo siielewi. Nilimuuliza maswali yote ya kijinga. Mnachinja kuku? Hapana. Mnavua nguo? Akacheka mpaka kichana kikamponyoka.

“Kanuni yetu kubwa ni usimdhuru mtu, Tantine.”

“Basi mbona kwa Kiingereza wanajiita wachawi, tena mchana kweupe?”

“Wao hawaoni haya. Kwao ni jina la heshima.”

“Hilo jina liache hukohuko Pinetown,” nikamwambia. “Hapa usilitoe mdomoni. Kwetu Kisii nimeona nyumba ya bibi mmoja ikichomwa kwa sababu ya jina hilo. Alikuwa jirani yetu. Alikuwa akitupa ndizi.”

Akasema jambo ambalo sijalisahau. “Kule hakuna mtu anayekemea kitu ndani yangu. Nakaa tu. Nasikia niko mzima.”

Hata mimi kanisani kwangu siku nyingine nakaa na sisikii kitu.

Joséphine aligundua siku alipoingia kufagia chumba cha binti yake. Dirishani alikuta mshumaa, kibakuli cha chumvi, kombe la baharini, na kifungu cha impepho, yale majani ya kufukiza ambayo wauza dawa wa Warwick wameyapanga hadharani na sote tunayapita kila siku tukiwahi taxi. Alipomuuliza, Anaïs hakudanganya. Hicho ndicho kilichomponza. Angesema chumvi ni ya kidonda, mama yake angeshukuru na kuamini.

Joséphine akafanya kile alichofundishwa tangu siku ya kwanza: mzigo ukikushinda, upeleke kwa akina mama wa maombi. Kundi lao liko kwenye simu. Alirekodi sauti yake akilia. “Wamama, munisaidie kuomba. Mutoto wangu ameingia mu dini ya wachawi. Naomba ibakie kwetu hapa.”

Haikubakia. Sisemi walikuwa na nia mbaya, ingawa ulimi unaniwasha. Walifanya wanachofanya siku zote: kila mmoja alimpelekea mwenzake aliyemwamini, ili naye aombe, na kila mmoja alisisitiza iwe siri. Sauti ya Joséphine akilia ikaenda Pinetown, ikaenda Johannesburg, ikafika Bujumbura kwa ndugu zake kabla yeye hajawaambia. Mimi nilisikilizishwa na Kidawa, Mtanzania anayeuza vitenge ghorofa ya chini, ambaye ni Mwislamu na hana habari na kanisa lolote. “Masikini,” Kidawa akasema, huku akimtumia mtu mwingine.

Ombi likishatoka huwezi kulirudisha. Ukilalamika, unalalamikia maombi.

Wateja wakaanza kupata udhuru. Huyu ana mafua, yule anasafiri. Waliokuja walitaka Joséphine awasuke, sio Anaïs, na walikagua sakafu wenyewe kabla ya kuondoka. Mmoja alikuja na dada yake, wa kukaa tu na kutazama mikono. Niliwaleta wenzangu wawili wa kazini, wasomi wa kujigamba. Walisukwa vizuri, wakasifu, kisha wakaniuliza kwenye ngazi kama ni kweli. Hawakurudi. Mwishowe kiti cha pili kikawa cha kuwekea mikoba, na hakukuwa na mikoba.

Nilikwenda kwa Mama Niyonkuru. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita, na yeye akaniletea chai.

“Hatumusemi,” akaniambia kwa upole. “Tunamuombea. Mchungaji amesema akuje mbele Jumapili moja tu, afunguliwe mbele ya kanisa, na mambo iishe. Sisi wote tutarudi kusukwa pale. Mimi wa kwanza.”

Utamgombeza vipi mtu anayekuombea? Nilikunywa chai yake. Niliporudi nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja vikombe na sina wa kumpiga.

Na nikasema nilichoona ni busara. Nilimwambia Anaïs aende tu, asimame, aseme amina, ashuke, moyoni abaki na miungu yake. Mama yake aliyekuwa akizungusha ufagio mahali pasipo na uchafu alisimama kusikiliza. Sote tulijua swali lilikuwa moja: Anaïs atabaki kwa mama yake, au ataondoka.

“Nilishasimama pale, Tantine,” Anaïs akasema. “Sisimami tena.”

Nilidhani Joséphine atalia. Badala yake alitupa ufagio. “Basi asiende! Mutoto ni wangu. Hata akiabudu kijiko, atakula kwangu na atalala kwangu. Wao waliniletea godoro, hawakuniletea mutoto.”

Nilimpenda siku ile kuliko ndugu zangu. Nilitembea mpaka kwenye robot, taa za barabarani, nikitabasamu peke yangu, nikiamini jambo limekwisha.

Juma lililofuata nilikwenda Ijumaa mchana, niwahi kabla ya Sabato yangu kuingia. Hakukuwa na mteja mwingine. Joséphine alikuwa kwenye kiti, Anaïs nyuma yake anamchana. Jumapili ilikuwa sikukuu ya kanisa, na Joséphine hakutaka waseme amechakaa. Nikakaa kusubiri zamu yangu. Tulitaniana. Nilimwambia nywele zake zimekonda kama serikali ndiyo inayozilisha, akanijibu kwamba zangu ni nyingi kwa kuwa hazina kazi. Anaïs alikuwa akicheka taratibu, vidole vinakwenda, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu chumba kile kilikuwa na amani. Niliifurahia, mjinga mimi.

Anaïs alipomaliza kuchana, alitoa nywele kwenye kichana, akazisokota kidonge, akainama kuelekea kwenye ndoo ya taka, kama siku zote.

Joséphine akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu. Hakugeuka.

“Leta,” akasema.

“Nini, Maman?”

“Hizo.”

Honi zilikuwa zinapiga kule chini. Anaïs alibaki ameinama, kisha akasimama wima, akaziweka zile nywele kwenye kiganja cha mama yake, akavikunja vidole vya mama yake juu yake, kimoja kimoja, kama anavyofungiwa mtoto peremende. Halafu akaendelea kusuka. Hilo ndilo linaloniuma. Alimsuka mpaka mstari wa mwisho, bila kuvuta, akampaka mafuta kwenye njia zote, akamshikia kioo cha nyuma aone.

“Ni mazoea tu,” Joséphine akasema kwenye kioo. “Mazoea ya kazi. Anaïs. Nimesema ni mazoea.”

“Sawa, Maman.”

Aliosha vichana, akavipanga kwenye taulo. Akaniomba radhi kwamba hatanisuka leo. Akachukua mkoba wake na koti. Mama yake akamuuliza kama atarudi na mkate, na Anaïs akasema Tiffany ana chumba cha ziada Pinetown, ni karibu na kazi, atakuja kuchukua vitu vyake mama yake akiwa kanisani. Alimbusu kwenye kipaji cha uso, chini kidogo ya mistari aliyomaliza kuisuka. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Mimi nina mdomo. Waulize watu wa maktaba, waulize watu wa Kisii. Siku ile ulikaa mahali pake ukafungwa. Ningemkimbilia Anaïs nimwambie nini, kwamba mama yake anampenda? Alijua. Ningemgeukia Joséphine nimfokee, mimi ambaye karatasi zangu zote nimetembea nazo mkobani miaka yote?

Joséphine alikuwa bado amekaa, kitambaa cha saluni shingoni, kichwa kimependeza kuliko nilivyowahi kukiona. Alikifungua kiganja. Nywele zilikuwa zimeshikana na jasho na mafuta, akajaribu kuzikung'uta zikagoma kutoka. Alitazama ndoo ya taka, akatazama dirisha, akanitazama mimi.

“Mama Billy,” akasema, “sasa hizi nizitupe wapi?”