Kioo cha sola na rangi ya mninga

Jamani, leo nimefundishwa sola na shangazi yangu, msuka mikeka!

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tabora. Nilichovya kioo changu cha kuzalisha umeme kwenye rangi yake ya magome ya mti wa mninga, ili rangi inase mwanga, nikaunga nyaya, nikakianika juani.

Mita ikasoma sifuri. Nikanuna.

"Umekiloweka muda gani?" akauliza.

"Dakika moja, shangazi."

Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hata ukindu haunywi rangi hivyo! Kirudishe chunguni, nenda kaswali, kisha uje."

Baada ya adhuhuri nikaunga upya. Sindano ya mita ikacheza! Kidogo tu, ila imecheza!

Mara wingu likapita. Sindano ikalala.

Shangazi akainua mkeka wake mwekundu.

"Mbona huu umekunywa rangi ileile na hauna habari na wingu?"

Nimjibu nini?