Mke wangu alikuwa yaya Kenya vita ya Mau Mau ilipopamba moto, nikafunga safari kumfuata

Wakuu habari za humu.

Nimeshavuka miaka tisini, kwa hiyo mnaotaka kuniamkia, marahaba, nimeshaitikia wote. Ninachoandika hapa siyo chai. Yamenikuta mimi mwenyewe.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi cherehani Kariakoo, kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja. Mke wangu Zuhura alikuwa yaya kwa Wazungu kule Uzunguni. Tulipanga chumba kwa Bi Mwanaidi, mama mmoja mkali lakini mwenye huruma.

Basi yule bwana wa Kizungu akahamia Kenya, shambani, upande wa Nakuru. Watoto wakalia, hawamtaki yaya mwingine. Zuhura akaniuliza, "Niende?"

Nikamwambia nenda. Kazi nzuri ilikuwa haipatikani hovyo, na tulitaka kujenga Magomeni.

Mwanzoni barua zilikuja vizuri tu. Mara vita ya msituni ikachacha. Ninyi mmeisoma shuleni, sisi tuliisikia kwa redio ya Mwarabu, watu tumejazana barazani. Ndugu kwa ndugu, huyu kaingia msituni, yule kashika bunduki ya serikali.

Barua zikakatika.

Wakuu, acheni kabisa. Nilimshonea mteja suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mwarabu akaiangalia, akaniangalia, akanirudishia niifumue.

Siku moja akaja sokoni mfanyabiashara wa vitunguu ametokea Moshi. Nikamuuliza habari za Kenya. Akasema, "Huko Nakuru kuna shamba limevamiwa. Hata watumishi wa ndani hawakusalimika."

"Shamba la nani?"

"Ndugu yangu, mimi nauza vitunguu. Nimesikia tu."

Kesho yake nikapanda basi hadi Korogwe, halafu treni hadi Moshi, halafu lori la mizigo hadi mpakani Taveta. Bi Mwanaidi nilimwachia ufunguo. Akanipa mikate ya kumimina, akafunga mlango haraka nisimwone anavyolia.

Mpakani askari mmoja Mwafrika akanisimamisha.

"Una karatasi ya ruhusa?"

"Sina. Namfuata mke wangu."

"Mzaramo wewe, huko mgeni asiye na karatasi anaonekana wa msituni. Watakufunga, au wakupige risasi kabisa. Rudi."

Nikamsihi sana. Akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi wa kwangu yuko huko huko. Sijui kama mzima. Rudi, kaka."

Nikazunguka Moshi siku kadhaa natafuta ruhusa. Kila ofisi inanituma nyingine. Mwisho nikaishiwa, nikageuza.

Njia nzima nilikuwa nafikiria nitawaambia nini wakwe zangu. Mwanamume gani huyu, anarudi mikono mitupu?

Nafika Kariakoo jua linawaka, miguu imevimba. Bi Mwanaidi kasimama mlangoni, kashika kiuno.

"Umerudi, mwendawazimu?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia uani ukagombezwe."

Sikumwelewa. Nikaingia.

Zuhura yuko uani, kakaa kwenye mkeka, anachambua mchele.

Nikakaa chini pale pale, na vumbi langu.

Kumbe jirani yao alipovamiwa, bibi wa Kizungu aliamua kuwapeleka watoto kwao Ulaya. Zuhura akawasindikiza kwa treni mpaka melini Mombasa. Pale akaaga, akapanda meli ya kuja Dar. Mimi nabembeleza maaskari Taveta, yeye yuko nyumbani kwangu anakula!

Nilidhani atanikumbatia. Thubutu!

"Wewe mwanamume, una akili? Nakuja naambiwa mume wako kakufuata vitani! Ungekufa huko, mimi ningekuzika wapi?"

Akaanza kulia, na mimi nikaanza kucheka, halafu tukabadilishana. Bi Mwanaidi akapitisha kichwa akasema, "Mchele huo haujichambui." Jioni ile tulikula uani sote watatu, na mimi nililala kama gogo.

Hakwenda mbali tena. Alipata kazi ya kupika kwa familia ya Kichaga yenye duka hapo hapo sokoni.

Nilichojifunza: mkitenganishwa na kazi, kubalianeni mapema, mambo yakiharibika, nani anasubiri na nani anasafiri. Mkisafiri wote, mtapishana.

Ninyi wenye ndoa za huyu Mwanza yule Mtwara, mmekubalianaje? Tiririkeni, nasoma taratibu lakini nasoma zote. Na huyu bibi hapa pembeni anasema niwaambie kwamba bado hajanisamehe.