Umutobe Ndani ya Rejeta

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwaka ule wa vita, nilipomimina dumu zima la mama mkwe wangu kwenye rejeta ya gari la kijiji. Usicheke, mwanangu. Weka chini hiyo spana, kaa hapo juu ya tairi, unisikilize. Hiyo ni gasketi ya tatu unayofunga tangu mwezi uanze, na kila nikikuuliza kwa nini zinaungua unanijibu, "Zinaungua tu, baba mkubwa." Zinaungua tu! Kwani gasketi ina miguu ya kujipeleka motoni? Aa, umenichosha.

Hapa Kirushya wakati ule tulikuwa kijiji cha ujamaa. Tulikuwa na pikapu moja ya dizeli, na dereva wake nilikuwa mimi. Ndiyo iliyopeleka maharage ghalani, ndiyo iliyopeleka wagonjwa hospitali. Mafundi waliojua kazi, wa Ngara na wa Biharamulo, walikuwa wameondoka na malori kwenda vitani, basi nami nikajifanya fundi juu ya udereva. Nilikuwa na spana sita na majivuno ya spana sitini.

Mama yako mkubwa, Anjelina, alikuwa na mimba ya kwanza. Mganga wa zahanati alimpapasa tumbo akaniambia waziwazi: mtoto amelala kiupande, asisubiri uchungu, wiki hii hii nimpeleke hospitali wakampasue. Mama yake akahamia kwetu kumtunza. Na hapo ujue jambo moja ambalo ninyi wa leo mmelitupa: kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutazamana usoni. Nikiingia uani, yeye anaingia jikoni. Akiwa na neno anamwambia Anjelina, naye Anjelina ananiambia mimi, hata kama sote tumesikia.

Kwa njia hiyo hiyo akanituma nipeleke madumu mawili ya umutobe, yale maji matamu ya ndizi, kwenye harusi ya mdogo wake kule Murukulazo. Alikuwa ameyakamua kwa mikono yake siku mbili. Nilikusudia kwenda na kurudi, kesho yake nimpeleke Anjelina hospitali.

Njiani, kwenye mlima, gari likachemka. Rejeta ilikuwa inavuja tangu wiki iliyopita, nami nilikuwa nimeiziba kwa kipande cha sabuni nikajisifu. Maji yako bondeni, kushuka na kupanda ni saa nzima, na jua liko utosini. Nikayatazama madumu. Nikajiambia, umutobe si maji tu yenye utamu? Nikangoja injini ipoe kidogo, nikamimina dumu zima. Mjinga mimi!

Gari lilinifikisha. Harusini nikasema dumu moja limemwagika kwenye makorongo, wakanipa pole. Kurudi, karibu kabisa na nyumbani, moshi mweupe ukafuka nyuma. Nikapima oili, nikakuta imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yameingia kwenye oili.

Stoo ya kijiji ilikuwa na gasketi mbili tu, na vita ile, ya tatu ungeitoa wapi? Nikafungua injini hapa hapa uani. Ile takataka ya kahawia iliyokuwa kwenye rejeta nikaenda kuimwaga migombani, peke yangu, watu wasione. Nikafunga gasketi mpya, nikatia maji, nikawasha. Likanguruma vizuri. Nikalijaribu hadi shuleni, likachemka, gasketi ikaungua tena. Siku tatu zimekwenda. Mwenyekiti wa kijiji akaja kuuliza, nikamkazia macho nikamwambia gasketi za siku hizi ni mbovu. Niliogopa kunyang'anywa usukani, na zaidi niliogopa mama mkwe ajue umutobe wake ulikokwenda. Anjelina yuko ndani, hawezi hata kugeuka kitandani, nami nalinda uongo wa dumu moja!

Siku ya nne asubuhi nimeshika gasketi ya mwisho, tayari kuilaza mahali pake. Nikasikia mlango wa jikoni. Mama mkwe akatoka, akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu na kunitazama machoni. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke.

"Nimekamua ndizi tangu sijaota maziwa," akasema. "Umutobe ukiungua chunguni, harufu yake naipata nikiwa shambani. Gari lako linanuka hivyo hivyo tangu juzi. Dumu langu lilimwagikia wapi?"

Nikaanza habari za makorongo.

"Nyamaza! Mwanangu yuko mle ndani na mtoto amelala kiupande, nimeacha heshima yangu jikoni nikaja kusimama mbele ya mkwe wangu, na wewe bado unanidanganya?"

"Nilimimina kwenye rejeta, mama."

"Yoo!" Akapiga makofi. "Kitu kitamu kwenye moto kinaganda! Hata mtoto anayeosha vyungu anajua! Nawe kila siku unabadilisha mfuniko, chungu chenyewe hujakiosha!"

Akarudi jikoni akachemsha maji ya majivu, yale ya kuoshea vyungu vilivyoungua. Nikaing'oa rejeta. Tukaiosha mara nne, na kila mara zikatoka nyuzi nyeusi za kunata. Tundu la kuvuja nikaliziba upya. Nikaazima rula ndefu ya ubaoni kwa mwalimu, nikailaza kwenye uso wa hedi, pale inapokaa gasketi, nikaona mwanga unapita katikati. Hedi ilikuwa imepinda, na mimi nilikuwa naifunga hivyo hivyo! Nikaisugua juu ya kioo kilichotandikwa msasa hadi jua likazama. Asubuhi nikafunga, nati za katikati kwanza, kidogo kidogo, nikielekea pembeni.

Bado nakaza ya mwisho, Anjelina akapiga ukelele. Uchungu umeanza. Tulimpakia, mama yake akakaa naye nyuma, na gari halikuchemka hata mara moja. Lakini tulipofika, mkono wa mtoto ulikuwa umeshatangulia kutoka. Daktari aliwaokoa wote wawili, namshukuru Mungu. Kisha akaja kuniuliza tulikuwa wapi wiki nzima.

Mtoto huyo ni Domina, dada yako, anayekuletea chai hapa kila siku. Umewahi kuniuliza kwa nini anabeba birika kwa mkono mmoja? Ule wa kushoto haujawahi kuinuka. Nguvu zake ziliishia kwenye siku zile nne.

Mama mkwe hakunitazama tena usoni hadi alipofariki. Ila kila tulipokwenda kwake, Anjelina aliniletea kikombe cha umutobe kilichojaa hadi ukingoni: "Mama anasema unywe wote." Nikanywa. Nikarudisha kikombe kitupu.

Sasa sikia. Kitu kikiungua mikononi mwako, usikimbilie kipya kabla hujajua kilichounguza cha kwanza. Na kama ni wewe uliyekiunguza, sema siku ile ile, kwa sauti, hata mbele ya mtu unayemwonea haya kuliko wote. Utatukanwa, utachekwa, kisha mtafanya kazi. Ukingoja, atalipa mtu ambaye hakushika hata spana.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe magari yanayowaka asubuhi, akupe watoto wanaoinua mikono yote miwili. Amina.

Haya, Domina huyo anakuja na birika. Mpokee. Kisha uniambie: kabla gari hili halijachemka ile mara ya kwanza, ulifanya nini?