Saa Arobaini za Angani

Mwalimu wa urubani pale Bujumbura alikuwa na viganja vipana, na kila asubuhi aliipapasa ndege ndogo ya klabu, bawa kwa bawa, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Mwanafunzi akitua, aliangalia saa yake, akaandika dakika daftarini, asizidishe hata moja. Assia, mwanafunzi wake, alikuwa amebakiza saa moja tu kati ya arobaini apate leseni, siku alipokuja kapteni wa jeshi na daftari la shemeji yake, jipya, halina hata mstari. “Mzee, tia sahihi saa arobaini. Kila mutu anafanya.”

“Apana. Huyu mutu hajafunga mukanda hata siku moja. Kule juu, upepo atauhonga nini?” Mwalimu hakupandisha sauti; aliifunga kalamu yake, akaitia mfukoni. “Basi umetaka vita na mimi,” kapteni akasema. “Kuanzia kesho, raia haruki hapa.” Akaondoka na daftari lake. Assia alilifungua daftari lake mwenyewe kwa hasira. Saa zake thelathini na tisa, zote za jasho, zitupwe kwa sababu ya mvivu mmoja? Mwalimu akamfungulia mlango wa ndege. “Amesema kesho, mama. Leo bado ni yetu. Panda.”