Majira Tuliyokosa Klabu Mlezi

Harufu ya glavu ya ngozi iliyolowa mvua hunirudisha Skärholmen, mtaa wetu wa ughaibuni, kwenye timu yetu ya watoto ya besiboli. Timu hiyo haikuwa ya kujitegemea. Kwa kawaida ilikuwa na klabu mlezi, yaani klabu kubwa iliyotuazima uwanja na jezi, kisha ikajichukulia wachezaji wetu bora walipokua. Tulianza na jezi za bluu, tukaingia nyekundu, kisha kijani, na kila rangi ilipobadilika watu wazima walituambia kwamba safari hii tumefika. Sisi watoto tulivaa tu tulichopewa.

Nilipokuwa na miaka kumi, klabu moja ya upande wa Farsta ilituomba tuhamie kwake. Mazungumzo yalikuwa bado mabichi. Lakini baba, mwenyekiti wa wazazi, alikulia Tanga, na kwao mtu hahami bila kuaga. Mama akakaanga maandazi, tukayapeleka kwa klabu ya kijani. "Tumekuja kuaga, na kushukuru kwa malezi," baba alisema kwa Kiswidi chake cha polepole. Wenyeji walikula, wakasifu, wakatupa mkono wa kwaheri. Baada ya siku chache uwanja wakawapa watoto wengine, maana sisi tulishaaga. Kisha wale wa Farsta wakabadili mawazo.

"Baba Rehema," mama alisema, "usiache mbachao kwa msala upitao."

"Sikuuacha, Mama Rehema. Niliuaga."

Nilimkasirikia sana. Marafiki zangu wote walikuwa kwenye timu ile, na niliogopa itamfia mikononi. Yeye alitupeleka kwenye nyasi nyuma ya maghorofa, akajaza mchanga kwenye mifuko ya dukani iwe vituo vya kukimbilia, nasi tukacheza majira yote ya joto kwa fulana za nyumbani, bila nembo ya mtu. Mipira ilipotelea vichakani. Hakuna aliyekuja kutuchagulia nani bora. Majani yalipoanza kupukutika, klabu nyingine ikatuchukua, na jezi zikawa za njano.

Leo binti yangu anachezea timu hiyohiyo, chini ya mlezi mwingine tena. Jezi za zamani zimetundikwa ukutani kwa mfuatano, na kocha huwasimulia watoto historia ya timu kwa kuzifuata rangi. Ya kijani na ya njano zimegusana. Juzi binti yangu aliniuliza, kwa Kiswidi, ipi ilikuwa timu ya babu. Nikazitenganisha hizo mbili kwa mkono, nikamwonyesha ukuta mtupu.