Mama Friji, mchanjaji aliyerudi kugonga milango kumi na mitatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Friji ameketi kwenye stuli ya mbao akisubiri barafu itoke jasho.

Mbele yake, juu ya meza aliyoifuta mara mbili, zimelala chupa nne bapa za plastiki nyeupe. Zimetoka kwenye friza sasa hivi, ngumu kama tofali. Amezipanga kwa kuachana ili zisigusane. Anainua moja, anaiweka sikioni, anaitikisa polepole. Kimya. Anairudisha mahali pake.

"Bado imelala," anasema. "Ukiiamsha kwa nguvu itakufanyia kisirani."

Anakunywa chai yake, anafunga vizuri kilemba, anaangalia saa ya ukutani. Baada ya nusu saa anaitikisa tena, na safari hii maji yanasikika yakicheza ndani. Ndipo anaipangusa kwa kitambaa kikavu na kuisimamisha kwenye ukuta wa kisanduku cha baridi, kile cha bluu chenye mkanda wa begani. Zinafuata nyingine tatu. Katikati, ndani ya kimfuko, anaweka vichupa vya chanjo na kipimajoto kidogo kisichozidi kidole gumba.

Leo ni Ijumaa, na Ijumaa si siku yake ya kutoka. Lakini kuna watoto kumi na wanne aliowachoma Jumanne ambao anataka kuwachoma tena leo, sindano ileile. Hajui watakuja wangapi. Kwa siku mbili amezunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia mama zao kwamba amekosea.

Jina hilo la Mama Friji alipewa na wagonjwa. Ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na saba ndiye anayetunza jokofu la chanjo katika zahanati hii yenye vyumba vitano na benchi moja refu la nje. Aliajiriwa kufagia. Muuguzi wa wakati huo alimwona akifuta jokofu kila siku mpaka kwenye mipira ya mlango, akamfundisha kusoma kipimajoto. Baadaye alipelekwa kozi ya miezi sita, akarudi na cheti cha uchanjaji.

Tangu hapo, asubuhi na jioni, sikukuu na siku za kazi, huandika joto la jokofu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Lisishuke chini ya digrii mbili, lisipande juu ya nane.

"Mume wangu huliita lile jokofu mume mwenzake," anasema. "Eti hata yeye simwangalii mara mbili kwa siku."

Kila Jumanne hupanda pikipiki ya zahanati hadi kwenye darasa la zamani lililo kilomita saba kutoka hapa, kuwachanja watoto wa upande ule. Kabla ya kufungua kisanduku, hukaa kwanza na kina mama na kuwaruhusu waulize. Maswali ni yaleyale miaka yote. Kwa nini mtoto mzima achomwe? Maziwa yangu si kinga tosha? Mbona akichomwa anapata homa?

Naye hujibu kwa hadithi ya mbwa.

"Mwilini mwa mtoto mna mbwa wa ulinzi," huwaambia. "Amezaliwa naye. Ana meno, ana mbio, ila bado hamjui mwizi. Mwizi akiingia leo, mbwa atashangaa kwanza, na huku anashangaa nyumba inabebwa. Chanjo ni shati la mwizi. Mwizi mwenyewe hayumo. Tunamnusisha mbwa lile shati, basi. Siku mwizi akija kweli, anakutana na mbwa anayemjua."

Na homa?

"Mbwa akinusa lazima abweke kidogo. Siku moja, mbili, ananyamaza. Akizidisha, mlete nimwone."

Na maziwa?

"Maziwa yako ni mlinzi wa kuazima. Mzuri sana, mnyonyeshe. Lakini wa kuazima hurudi kwake. Tunataka mtoto awe na wake."

Kuna mama aliyewahi kumuuliza kwa nini sindano iwe mara tatu, kama huyo mbwa ana akili kweli. Akamjibu kwamba hata mume huambiwa mara tatu ndipo akakumbuka chumvi. Darasa zima likacheka, na yule mama akawa wa kwanza kupanga foleni.

Hivyo ndivyo alivyowapata watu wa upande ule, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Kisha ikaja Jumanne hii.

Umeme ulikuwa umekatika Jumatatu, ukarudi alfajiri. Alipofika aliliona joto la jokofu ni salama, akashusha pumzi. Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali, na mwendesha pikipiki alikuwa anapiga honi. "Mama, tunachelewa, wenzetu wanatungoja." Akafungua friza, akazitoa chupa za barafu, akazipanga moja kwa moja kisandukuni, akafunika.

"Nilijiambia, leo joto kali, baridi ikizidi si hasara," anasema. "Miaka kumi na saba nawafundisha wenzangu kwamba baridi ikizidi ni hasara kuliko joto. Na siku hiyo nikasema hivyo kwa kinywa changu."

Watu wengi hudhani chanjo ni kama nyama, kadiri inavyoganda ndivyo inavyokaa. Zipo zinazostahimili kuganda. Lakini ile ya sindano inayowakinga watoto na dondakoo, kifaduro na pepopunda ikiganda huwa imekwisha. Ikiyeyuka inarudi kuwa maji meupe yaleyale, na kwa macho ya haraka huoni tofauti.

Aliporudi mchana na kufungua kisanduku, kichupa kimoja kilichobaki kilikuwa kimebanana na chupa ya barafu. Ndani yake, ubavuni, palikuwa na kipande cha barafu chembamba kama ukucha.

Alikaa chini. Kisha akafanya kipimo wanachofanya wachanjaji. Alichukua kichupa cha aina ileile, akakigandisha makusudi, akakiyeyusha. Akavitikisa vyote viwili kwa pamoja, akavisimamisha mezani bega kwa bega na kuvitazama. Chanjo nzima hubaki na ukungu kwa muda mrefu. Iliyoganda hutuama upesi, na masimbi yake huonekana chini. Vichupa vyote viwili vilituama sawasawa, kama mapacha.

Mfanyakazi mwenzake alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa nani atajua?" akamwambia. "Haina sumu. Watoto hawatadhurika."

"Kifaduro kitajua," alijibu.

Jioni hiyohiyo alimweleza mkuu wa zahanati. Mkuu aliandika taarifa, akampa barua ya onyo, kisha akauliza nani atakwenda kuwaambia wazazi. Mama Friji akasema aliyemwaga ndiye afute.

Watoto walikuwa kumi na wanne katika nyumba kumi na tatu, kwa kuwa wawili ni mapacha. Alianza Jumatano asubuhi kwa miguu. Pikipiki hakutaka. Anasema alihitaji muda wa kupanga maneno, na maneno yenyewe hayakupangika.

Nyumba ya kwanza mama alicheka kwa mshangao, akamkaribisha ndani. Ya pili mama alimkumbatia mtoto wake na kuuliza, "Umemdunga nini mwanangu?"

"Nimempa shati lililofuliwa," alimwambia. "Halina harufu. Mbwa kanusa, hakupata kitu. Halimdhuru mtoto, ila halimlindi."

"Na akichomwa tena haitamzidi?"

"Haitamzidi. Kwa siku moja, akitambaa hapa sakafuni na kutia vidole mdomoni, anakutana na vijidudu vingi kuliko vilivyo kwenye sindano zangu zote. Mwili wake una nafasi."

Wengine walinuna. Baba mmoja alisema kazi kama hizi wapewe vijana. Mama Friji akasema pengine ni kweli, na akamwomba amlete mtoto Ijumaa hata hivyo.

Nyumba ya mwisho, Alhamisi saa kumi jioni, ndiyo aliyoiogopa. Ni nyumba ya bibi wa mapacha.

Bibi huyu amelea watoto saba, na kwa miaka mingi hakuna sindano iliyovuka kizingiti chake. Zamani alimpeleka mtoto wake mmoja kuchanjwa, usiku mtoto akawaka homa, na hakuna aliyekuwa amemwambia aitarajie. Kesho yake alirudi kuuliza. Akaambiwa, mama, rudi kwenye foleni. Mtoto alipona, lakini bibi hakurudi tena.

Mama Friji alikuwa amemtembelea mwaka mzima, tangu mapacha hawajazaliwa. Bibi alipokuja kukubali, mapacha walikuwa wameshafika miezi minne, na sindano yao ya kwanza maishani ilikuwa ya Jumanne hii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Una sura ya mtu aliyetumwa msiba."

"Hapana msiba, mama. Nimekuja kukwambia ile chanjo ya Jumanne niliiharibu mwenyewe. Iliganda. Wajukuu wako hawana kinga."

Bibi aliendelea kukunja nguo za watoto. Alikunja shati, akakunja jingine, akalilaza juu ya la kwanza.

"Mwaka mzima unanila masikio," alisema. "Chanjo nzuri, chanjo salama. Leo unaniambia mbovu. Sasa nikuamini lini, Jumanne au Alhamisi?"

"Mimi ni yuleyule, mama. Jumanne nilikosea, Alhamisi nimekuja kusema."

"Na usingesema?"

"Usingejua."

"Nisingejua," alirudia bibi. Mkwewe, mama wa mapacha, alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba, anatazama huyu, anatazama yule. Bibi akasema jua linashuka na njia ni ndefu, mgeni asije akachelewa. Hakusema ndiyo wala siyo.

"Sikulala vizuri," anasema Mama Friji. "Barua ya onyo haikunisumbua. Waliokuja kwangu kwa hiari yao wangekuja tu. Wale mapacha ndio walionikaa moyoni, na wale majirani wanaomtazama bibi afanye nini. Bibi akifunga mlango, mtaa wote unafunga."

Saa mbili asubuhi darasa la zamani limefunguliwa madirisha yote. Mwendesha pikipiki, ambaye tangu Jumanne hapigi honi, mwenyewe amelibeba dawati la mwalimu hadi mlangoni penye mwanga. Anakuja yule mama aliyecheka. Anakuja aliyeuliza mwanawe amedungwa nini. Kila kadi ya mtoto Mama Friji anaisoma kwa sauti, anaonyesha ile tarehe ya Jumanne aliyoikata kwa mstari, anaandika mpya pembeni, anasaini.

Saa nne wamefika tisa. Saa tano wamefika kumi na mmoja. Baba aliyesema kazi wapewe vijana anaingia na mwanawe begani, hasalimii mtu, anauliza swali moja tu: leo barafu ilisubiriwa?

"Ilisubiriwa, baba. Kipimajoto hiki hapa, kinasema digrii tano. Soma mwenyewe."

Anasoma. Anamshusha mtoto.

Kumi na wawili. Saa sita na robo Mama Friji ameshamaliza kukusanya sindano zilizotumika kwenye kasha lake. Mwendesha pikipiki anamwangalia. Mama Friji anamwambia wasubiri kidogo. Wanasubiri. Anafuta dawati ambalo tayari ni safi.

Bibi anakuja kwa mwendo wake, mwavuli mkononi, pacha mmoja mgongoni. Nyuma yake ni mkwewe na pacha wa pili. Nyuma ya mkwewe kuna mwanamke kijana ambaye Mama Friji hajawahi kumwona, naye amebeba mtoto wa kama miezi sita, na mkononi hana kadi.

"Usinitolee macho," anasema bibi huku akiketi. "Fundi aliyeniezekea nyumba, paa likavuja, mpaka leo akiniona anakata kona. Aliyeniuzia cherehani mbovu alihama mji. Wewe umenikosea ukaja na miguu yako. Nimekaa usiku nikawaza, huyu akisema safari hii ni nzima, basi ni nzima."

"Ni nzima, mama."

"Haya. Anza na huyu mkorofi, mwenzake ataiga."

Mkorofi analia kabla ya sindano. Mwenzake anasubiri mpaka imeshatoka ndipo analia, kwa kuchelewa, na wote wanacheka, hata mama yao. Mama Friji anawaambia usiku huenda wakapata joto, wavalishwe nguo nyepesi, wanyonye sana, na kama homa itazidi siku mbili waje wakati wowote. "Hata foleni ikiwa ndefu, uniite kwa jina."

"Nitakuita kwa sauti," anasema bibi.

Yule mgeni ni jirani. Mwanawe hajawahi kuandikwa kwenye daftari lolote. Alisema angemtazama bibi kwanza. Mama Friji anachukua kadi mpya, anainyoosha kwa kiganja, anauliza tarehe ya kuzaliwa, na anaandika polepole, herufi moja moja, kama anayechora.

Hivyo watoto wa Ijumaa wamekuwa kumi na watano.

Amebakiza miaka sita astaafu. Mwezi ujao zahanati inapokea wachanjaji wapya watatu, na mkuu amemwomba awafundishe. Barua yake ya onyo ameibandika ukutani juu ya friza, palipo usawa wa macho, wapende wasipende waisome. "Nitaanza nayo hiyo," anasema. "Mambo niliyoyafanya vizuri watayaona wenyewe. Halafu nitawafundisha kujibu maswali, maana hilo kozini hawakutufundisha. Nataka siku nikiondoka, asiwepo mama anayeambiwa arudi kwenye foleni."

Bibi amesimama, anafungua mwavuli. Anauliza sindano ya pili ni lini.

"Wiki nne zikiisha, Jumanne inayofuata."

"Jumanne," anasema bibi. "Nitakuja na yule wa nyumba ya kona. Ana wawili wadogo. Lakini nakuonya, yule ana maswali mengi kuliko mimi."

"Aje nayo yote," anasema Mama Friji.